Tundu la Sita na la Tisa

Taa mbili zilikuwa nyekundu. Moja ningeivumilia.

Kabati la data la mahakama yetu lina diski kumi na mbili, zimechomekwa kwenye matundu yake safu juu ya safu, kila moja na taa ndogo usoni. Mashine hugawa kila inachopewa vipande vipande na kuvisambaza kwenye diski zote, kwa hesabu ambayo diski moja ikifa, zile zinazobaki huziba pengo lake na kazi inaendelea bila mtu kugundua. Moja tu. Ikianguka ya pili kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa, kabati zima linafumba mdomo. Data imo ndani, lakini haisomeki, kama sahani iliyovunjika ambayo vigae viwili vimepotea.

Nilikuwa nimetoka likizo. Dada yangu alijifungua, na kwa wiki nzima mimi ndiye nilikuwa mpishi wake, mfuaji wake na mfukuza wageni wake. Jumatatu asubuhi nikafungua chumba cha seva, hata mkoba sijautua, nikaona tundu la sita linawaka nyekundu na tundu la tisa linawaka nyekundu.

"Babu, hizi zimeanguka lini?"

Babu Waya ndiye fundi mkubwa wa idara yetu. Mimi na yeye ndio idara yenyewe. Kila waya uliopita kwenye dari za jengo hili aliupitisha yeye, tangu enzi ambazo kompyuta ya mahakama ilikuwa moja na ilifunikwa kitambaa kama maiti. Alikuwa ameketi mezani, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Moja ilianguka Jumanne. Nikasema Bi Subiri akirudi ataibadilisha, diski mpya si ipo kabatini? Ya pili imeanguka Ijumaa."

Bi Subiri ni mimi. Alinipa jina hilo kwa sababu kila mtu anapotaka kubonyeza kitu, mimi husema subiri kwanza.

"Ya kwanza ilikuwa ipi?"

"Si mashine yenyewe inasema? Isome."

"Kuna mtu aliyezigusa?"

"Aziguse nani?" Akaacha kukoroga. "Ufunguo ninao mimi."

Sikuwa nimefika hata kwenye kiti changu Msajili alipoingia. Msajili wa mahakama yetu ni mtu mpole, wa tai iliyonyooka na viatu visivyo na sauti; ukimwona anahema, ujue mambo yamekwenda mrama.

"Binti, afadhali umerudi. Kuna ushahidi wa Alhamisi iliyopita, kesi ya ghala lililochomwa moto. Nauhitaji saa nane mchana."

"Wa nani, mheshimiwa?"

"Yule mama mfagiaji wa hospitali."

Kesi ile niliijua kama kila mtu wa jengo lile alivyoijua. Kijana mmoja mpakiaji mizigo alishitakiwa kuchoma ghala la mwajiri wake. Yeye alisema usiku ule alikuwa hospitali, amekaa kwenye benchi la wodi na mwanawe mgonjwa mapajani, akingoja kitanda. Hakuna aliyekumbuka kumwona. Wauguzi walikuwa wamezidiwa, wagonjwa walikuwa wamelala. Mtu mmoja tu alimkumbuka, mwanamke mfagiaji wa wodi, aliyemwambia ainue miguu apitishe ufagio, akaona kiatu chake kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Alhamisi alisimama kizimbani akaeleza hayo.

"Wachapaji hawajauandika?" nikauliza.

"Wako nyuma wiki nzima. Na hakimu siku hizi haandiki kila neno. Anasikiliza, mashine inarekodi. Ndivyo tulivyokubaliana mlipoleta mfumo wenu."

"Nakala ya jengo la pili?"

Babu Waya akajibu kabla ya Msajili. "Wachimba mtaro walikata waya wa jengo la pili Jumatano. Hakuna kilichovuka."

"Basi mwiteni yule mama aseme tena. Ataeleza yaleyale."

Msajili akaitazama tai yake. "Amezikwa jana, binti. Moyo. Upande wa mashitaka umeomba ushahidi usipopatikana leo ufutwe, kesi ihukumiwe na kilichobaki. Na kilichobaki unakijua."

Kilichobaki kilikuwa kijana mwenye kiatu cha kamba na ghala la majivu.

Msajili alipotoka, nikavuta kiti mbele ya skrini.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Diski iliyoanguka Jumanne haikuandikwa kitu tena kuanzia Jumanne. Haijui habari za Alhamisi. Kwake yule mama hajapanda kizimbani bado. Diski iliyoanguka Ijumaa inazo zote. Ukiirudisha hiyo ya Ijumaa kundini, mashine inaweza kufufuka. Ukiirudisha ile ya Jumanne, mashine itaiamini, itachanganya ya zamani na mapya, na itaanza kuandika juu yake palepale. Baada ya hapo, basi tena. Ningekuwa na siku mbili na diski tupu mbili, ningezinakili zote kwanza nikajaribu kwenye nakala. Nilikuwa na diski tupu moja na asubuhi iliyokwishaanza kuyeyuka.

Orodha ya matukio ya mashine ilikuwa wazi. Jumanne: tundu la sita limepotea. Ijumaa: tundu la tisa limepotea. Kwa hiyo ya kurudishwa ni ya tisa. Mtoto wa shule angesoma akaelewa.

Nikainuka kwenda kulitazama kabati uso kwa uso kabla ya kubonyeza. Ndiyo tabia iliyonipa jina.

Chumba chetu kina vumbi laini linalotoka kwenye zulia la zamani, na kiyoyozi hulipeleka pale pale kila siku, kwenye nyuso za diski. Diski kumi zilikuwa na manyoya ya kijivu kwenye matundu ya hewa. Ya sita na ya tisa ziling'aa kama sahani za mgeni. Zilikuwa zimefutwa, hata pembeni, mahali ambapo kitambaa hakifiki mpaka diski iwe imetolewa.

Mashine yetu ni ya zamani. Huandika namba ya tundu, haiandiki namba ya diski. Ikiwa kuna mtu aliyezichomoa zote mbili, basi orodha ile nzuri iliyonyooka haikuwa na maana tena. Ilisema tundu la tisa lilikufa mwisho. Haikusema iliyomo tunduni sasa ni ipi.

"Babu," nikasema taratibu, mgongo wangu ukiwa kwake. "Sitaki kujua nani wala kwa nini. Nataka kujua tu kama zilirudi zilikotoka."

"Nimeshakujibu."

"Zimefutwa vumbi."

"Kwani usafi umekuwa kosa? Labda ni wewe kabla hujaenda kulea."

"Kabla sijaenda zote zilikuwa za kijani, Babu. Nani anachomoa diski nzima aipanguse?"

Alishusha miwani machoni, akapandisha tena. Huyu ni mtu aliyenifundisha kubana kichwa cha waya gizani kwa kupapasa. Aliyekuwa akiniambia kila siku kwamba mashine haidanganyi, anayedanganya ni anayeielezea. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa mpigo mmoja.

Nikatoka nje kuvuta pumzi. Ukumbini, kwenye benchi linalotazama mlango wetu, alikuwa amekaa mwanamke mwenye futi ya kitambaa shingoni na vipande vya uzi kwenye gauni. Alisimama aliponiona.

"Dada, wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiyo mimi."

"Mimi ni dada wa mshitakiwa. Karani kaniambia sauti ya yule mama imekwama kwenu." Alijaribu kucheka. "Nimefunga duka langu nikasema nije niikwamue. Nina sindano za kila namna."

"Zingesaidia ningekuomba."

"Itatoka?"

Nilitaka kusema ndiyo. Watu wa kazi yangu wanajua ladha ya hiyo ndiyo ya haraka, na wanajua inavyochacha. "Sijui bado," nikasema. "Kuna jambo moja silijui, na nisipolijua nitaiharibu kwa mkono wangu."

"Nani analijua?"

Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, na macho yake yakapita begani kwangu yakaenda ndani.

Msajili alirudi mapema kuliko nilivyomtarajia. Nikamweleza yote kasoro jina. Nikasema diski zimeguswa, na asiyejua zilivyorudishwa akibonyeza anacheza kamari na mtu aliyeko rumande.

"Mzee," Msajili akamgeukia Babu Waya, "ziliguswa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Binti, fundi wako mkubwa anasema hazikuguswa. Mashine inasema tisa. Mnataka nini tena, barua kutoka mbinguni? Bonyeza."

"Sibonyezi, mheshimiwa."

"Ni amri."

"Nimesikia. Niandikie onyo, nitalitia sahihi. Lakini kidole changu hapana."

Uso wake ulibadilika. Wapole wakikasirika hawana mazoezi, wanakosa pa kuweka mikono. "Vizuri," akasema. "Basi atabonyeza yeye. Mzee, kaa hapo."

Babu Waya alinyanyuka kama mtu aliyeitwa jina na daktari. Alikaa kwenye kiti changu. Kwenye skrini swali lilikuwa linamngoja: kurudisha tundu la tisa, ndiyo au hapana. Alisogeza kishale mpaka kwenye ndiyo. Aliweka kidole juu ya kitufe. Kidole chenye kovu la kisu cha waya, kilichokaa pale bila kushuka.

Kiyoyozi kilizima, kikawaka tena. Dada wa mshitakiwa alikuwa amesimama kizingitini, mkono kwenye futi yake, na hakuna aliyemfukuza.

"Bonyeza basi," Msajili akasema, safari hii polepole.

"Nilizitoa," Babu Waya akasema.

Aliiambia skrini. Hakumtazama mtu.

"Ijumaa. Ile ya pili ilipoanguka nilizitoa zote mbili. Nikazifuta. Nikazibadilishia matundu, ya huku kule, ya kule huku. Zamani ndivyo tulivyofanya. Ukitaka kujua mgonjwa ni diski au ni tundu, unazihamisha, unaangalia nyekundu inahamia wapi."

"Lakini zote zilikuwa nyekundu, Babu," nikasema. Sikutaka kuipandisha sauti, ikapanda yenyewe. "Nyekundu kwa nyekundu. Ungejua nini?"

"Nisingejua kitu. Najua hivyo sasa." Akaondoa kidole kwenye kitufe, akakiweka pajani kama kitu cha kuazima. "Niliogopa, binti yangu. Mtu akiogopa mikono inafanya kile inachokijua."

Nikapiga hesabu haraka. Ikiwa zilibadilishana, ya Ijumaa iko tundu la sita. "Sawa. Kwa hiyo turudishe ya sita."

"Subiri," akasema, na hakuna aliyecheka. "Sijui kama niliziacha hivyo. Nadhani nilizirudisha. Au nilitaka kuzirudisha. Tangu Ijumaa nimejiuliza mpaka nimechoka. Naziona mkononi, naona nazirudisha, kisha naona sikuzirudisha. Ukiniapisha hapa nitakosea."

Tumepata ukweli, na ukweli wenyewe ni kipofu. Msajili aliketi kwenye boksi la karatasi za printa, tai na yote.

Kwenye pembe ya chumba chetu kuna kabati la data lililokufa, babu wa hili tulilo nalo, ambalo hakuna aliyewahi kupata kibali cha kulitupa. Diski zake bado zimo, matundu yaleyale kumi na mawili. Nikaliondolea maboksi yaliyolifunika, nikalisogeza katikati ya sakafu.

"Njoo hapa, Babu. Usiniambie chochote. Fanya."

"Nifanye nini?"

"Ni Ijumaa. Ya tisa imewaka nyekundu sasa hivi. Fanya."

Alilitazama kabati lile kama tunavyotazama picha ya mtu aliyetudai enzi za uhai wake. Kisha akapiga magoti. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye tundu la sita, ukabana kitasa, ukavuta. Akaiweka diski pajani. Tundu la tisa, kitasa, vuta. Akachomoa pindo la shati akaifuta ya kwanza, uso, ubavu, ubavu. Akaifuta ya pili. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Akaishika ile ya sita akaisukuma kwenye tundu la tisa mpaka ikalia tak. Ile ya tisa kwenye sita, tak. Akarudi nyuma kwa visigino, mikono magotini, akayatazama matundu yale yasiyo na taa.

Alikaa hivyo. Mkono wake wa kulia uliinuka kuelekea kitasa tena, nikajua alikuwa amezirudisha. Lakini mkono ulisimama njiani. Ukageuka ukaenda mfuko wa suruali, ukatoka na simu, ukaipeleka sikioni.

Aliitazama simu ile kana kwamba mtu mwingine ndiye kaiweka pale.

"Nilipigiwa," akasema. "Karani wa chumba cha pili. Kinasa sauti kimegoma, hakimu kakaa, watu wamekaa. Nikasimama." Akasimama kweli, magoti yakilia. "Nikasema nikitoka huko nitazirudisha. Nikapanda ngazi. Nikamwekea karani diski ndogo ya pembeni arekodie. Niliposhuka..." "Niliposhuka nilifunga mlango tu. Sikuweza kuzitazama tena. Zile taa sikuweza kuzitazama."

"Una hakika na simu?"

"Angalia simu yenyewe, ipo humo, Ijumaa. Lakini si simu. Ni mkono. Mkono haukufika."

Haukuwa uthibitisho. Ningeulizwa kizimbani ningesema haukuwa uthibitisho. Lakini nilikuwa nimemwona, na kazi yangu ya siku zote ni kuchagua cha kuamini kati ya vitu viwili vilivyokwishaharibika. Nikamtazama Msajili. Akainua mikono, yaani, ni lako. Nikamtazama yule dada kizingitini. Sijui kwa nini nilimtazama. Hakuwa na ujuzi wa kunipa ruhusa. Alikuwa ameing'ata ncha ya futi.

Nikakaa. Nikafuta swali la tundu la tisa. Nikaita tundu la sita. Ndiyo au hapana.

Nikabonyeza.

Taa ya sita ilizima kabisa. Kisha ikawa ya njano, ikapepesa, ikapepesa tena, na kwa muda ambao sitaki kuukadiria ikaendelea kupepesa hivyo. Kisha ikawa kijani. Mashine ikaanza kutoa ile sauti yake ya kutafuna, na kwenye skrini majina ya mafaili yakaanza kujipanga, moja chini ya jingine. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi.

Sikulifungua faili la Alhamisi. Kwanza nililinakili kwenye ile diski mpya, nje ya kabati, kwa sababu diski ile ya kijani ilikuwa inasoma kwa kusuasua kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Nakala ilipokamilika nikahesabu ukubwa wake mara mbili. Ndipo nikamwuliza Msajili kama naweza kuijaribu.

"Mwanzo tu," akasema. "Tuhakikishe ni sauti."

Tulisikia kiti kikiburutwa. Tulisikia mtu akikohoa mbali. Kisha yule mama aliyezikwa jana akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea huku anainama: "Mheshimiwa, naomba nikae. Miguu hii imefagia mpaka imesahau kusimama." Na watu wa Alhamisi wakacheka kidogo, na hakimu akasema apewe kiti.

Nikaizima. Msajili alijifuta uso kwa tai, jambo ambalo nadhani hakuwahi kulifanya maishani. Alichukua ile nakala kwa mikono miwili. Mlangoni akasimama mbele ya Babu Waya.

"Kesho asubuhi, ofisini kwangu," akamwambia. "Njoo na maelezo yako."

"Nitakuja, mheshimiwa."

Akaondoka. Tundu la sita likarudi kuwa nyekundu muda mfupi baadaye, na safari hii hata kelele halikupiga. Mengine ya wiki ile, hukumu ndogondogo, viapo, talaka, sikuyawahi yote. Nitayatafuta nitakapoweza.

Yule dada hakumfuata Msajili. Alimwendea Babu Waya, aliyekuwa ameinama anazirudisha diski za kabati lile lililokufa mahali pake, moja moja, kwa uangalifu wa bure.

"Baba," akasema.

"Ndiyo, binti yangu."

"Usingelazimishwa kubonyeza, ungenyamaza mpaka lini?"

Nilidhani atajitetea. Alikuwa na ya kusema: umri, woga, wachimba mtaro, wiki yangu ya likizo. Babu Waya alisukuma diski ya mwisho tunduni, akangoja ilie.

"Mpaka saa nane," akasema.

Yule dada alimtazama. Sikuona hasira usoni mwake, wala sikuona msamaha. Niliona mtu anayepima kitambaa na kukuta hakitoshi. Alitoa futi shingoni, akaizungusha kidoleni, akaitia mkobani. Kisha akatoka akaenda kukaa kwenye benchi la chumba cha pili, karibu na mlango, kwa sababu kesi ya mdogo wake ilikuwa bado haijaitwa.